Vespasiano, Mwuza Vitabu wa Firenze

Katika mji wa Firenze, nchi ya Italia, palikuwa zamani na njia nyembamba iliyoitwa Njia ya Wauza Vitabu. Upande mmoja lilisimama kanisa la watawa liitwalo Badia, na upande wa pili jumba la hakimu mkuu wa mji, ambamo wafungwa walitiwa. Hapo katikati yalikuwa maduka ya watu waliouza karatasi, ngozi za kuandikia, wino na vitabu. Katika duka moja la njia ile alifanya kazi, zaidi ya miaka arobaini, mtu aitwaye Vespasiano da Bisticci. Maaskofu, wafalme na hata Papa walitumia watu kwake ili awapatie vitabu, na katika siku zake alipewa jina la mfalme wa wauza vitabu wa ulimwengu wote.

Wakristo wengi wamesikia habari za Gutenberg, yule Mjerumani wa mji wa Mainz aliyepiga chapa Biblia ya Kilatini karibu na mwaka wa 1455. Ni wachache waliosikia jinsi vitabu vilivyopatikana kabla yake, nani aliyevitafuta, nani aliyeviandika, na fedha zilipita mikononi mwa nani. Nasi hatuwezi kuelewa vema kazi ya Gutenberg mpaka tumeijua kazi ya watu kama Vespasiano. Zaidi ya hayo, mtu huyu alizifikia siku zote mbili: alianza kazi wakati hapakuwa na mtambo wa chapa popote katika Ulaya, akaiacha wakati mitambo ilipokuwa imejaa.

Vespasiano alizaliwa karibu na mwaka wa 1421. Baba yake, Filippo, alikuwa mtu wa kazi ya sufu. Naye alikufa mtoto angali mdogo, akamwachia mjane wake watoto sita na madeni. Kwa hiyo mtoto hakukaa sana shuleni. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi alitiwa kazini kwa Michele Guarducci, mwuza karatasi na mjalidi wa vitabu. Hapo akajifunza kushona vijitabu pamoja, kukata mbao za jalada, kuzifunika kwa ngozi, na kupigilia vifungo vya shaba. Kilatini chake hakikuwa cha mtu wa chuo, lakini kila siku alikaa katikati ya watu wa chuo, kwa maana walikuja dukani kutazama vitabu, nao wakikaa hawakuondoka upesi. Duka likawa kama baraza. Waliongea habari za Maandiko, za nyota, za vita, za maneno ya Kilatini yaliyopotea. Kijana alisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi.

Wakati ule Papa Eugenio wa Nne alikuwa anakaa Firenze, kwa kuwa watu wa Roma walikuwa wamemfukuza. Mwaka wa 1439 ulifanyika mjini mkutano mkubwa wa Kanisa, wakaja Wayunani pamoja na mfalme wao kutoka Konstantinopoli, na vitabu vyao pia. Na mwaka wa 1441 wakafika hata watawa Wahabeshi waliokuwa na nyumba yao Yerusalemu. Mmoja wa wakubwa wa mkutano alikuwa kardinali Giuliano Cesarini. Huyu alimpenda kijana yule wa dukani, akamwuliza kama angetaka kuwa kasisi, akaahidi kumtegemeza kwa mali. Akampa siku kumi na tano za kufikiri. Siku zilipokwisha Vespasiano akamjibu kwamba hakuona wito huo moyoni mwake. Kardinali hakukasirika, bali alisema yu tayari kumsaidia kwa njia nyingine. Miaka michache baadaye, mwaka wa 1444, Cesarini aliuawa katika vita vya Varna. Vespasiano hakuoa, wala hakuingia utawani. Alibaki mtu wa duka.

Basi, na tueleze kitabu kilivyotengenezwa. Ngozi za mbuzi, kondoo au ndama zililowekwa katika maji ya chokaa siku nyingi mpaka nywele zikatoka. Kisha zilifungwa katika fremu ya mti zikawambwa, kama ngozi ya ngoma iwambwavyo kwetu, zikakwanguliwa kwa kisu cha mviringo, zikasuguliwa, zikakaushwa. Kitabu kikubwa kiliweza kumaliza ngozi mamia. Hata zilipokuwa tayari, upande uliokuwa na nywele ulionyesha rangi ya manjano kidogo, na upande wa nyama ulikuwa mweupe zaidi. Kwa hiyo mpangaji mwema alihakikisha kwamba kitabu kikifunguliwa kurasa mbili zitazamanazo zina rangi moja. Huko Firenze walizoea kukunja ngozi tano pamoja, zikawa kijitabu cha majani kumi. Chini ya ukurasa wa mwisho wa kijitabu mnakili aliandika neno la kwanza la kijitabu kifuatacho, ili mjalidi asipoteze mpango.

Mistari ilichorwa kwanza. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini, nao ulichongwa mara nyingi kila siku. Wino ulifanywa kwa uvimbe uotao katika miti ya mialoni, uliopondwa na kuchanganywa na chumvi ya chuma, kisha ukatiwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga ili ushike. Mnakili akimaliza kazi yake, kijitabu kilikwenda kwa mpambaji, aliyechora herufi kubwa za mwanzo, maua, ndege na watoto wadogo kandokando ya ukurasa, akabandika dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko jani lolote, kisha akaisugua kwa jino la mnyama mpaka ikang'aa. Mwisho wa yote ndipo mjalidi alipofanya kazi yake.

Mwandiko wenyewe una habari yake. Waandishi wa karne zile katika nchi nyingi walitumia herufi nyeusi zilizobanana, ngumu kusoma. Lakini watu wawili wa Firenze, Poggio Bracciolini na Niccolò Niccoli, walikuwa wamechoka nazo, wakafuata mfano wa vitabu vya kale vyenye herufi za duara, zilizo wazi. Wanakili wa Vespasiano waliandika kwa mwandiko huo. Wapiga chapa wa Italia nao wakauiga walipochonga herufi zao za madini. Na herufi unazozisoma sasa hivi, msomaji, asili yake ni hapo.

Mtu asidhani kwamba Vespasiano alikuwa na nyumba kubwa yenye wanakili arobaini wameketi safu kwa safu. Duka lake lilikuwa dogo. Wanakili wake walikuwa mawakili wa kuandika hati, makasisi, walimu wa shule na watawa, kila mtu akifanya kazi nyumbani kwake saa za nafasi. Gherardo del Ciriagio, mmoja wa wanakili wake walio hodari, alikuwa mwandishi wa hati. Kazi ya Vespasiano ilikuwa kwenda na kurudi kati ya watu hawa: kumpelekea huyu ngozi na kitabu cha kunakili, kupokea kwa yule vijitabu vilivyokwisha, kumlipa kwa hesabu ya vijitabu, kumhimiza mvivu, kumbembeleza mpambaji aliyechukua kazi za watu wengi mno, na kumwandikia mteja kwamba avumilie kidogo.

Kwa maana mambo yalianza kwa barua. Mtu wa mbali alitaka, kwa mfano, barua za Jeronimo, au historia ya Livius. Kwanza Vespasiano alipaswa kujua nakala nzuri iko wapi, na mwenyewe kama atakubali kuiazima. Hili lilikuwa jambo gumu kuliko yote, nasi tunaona kwamba ndilo lililompa sifa yake. Ngozi yaweza kununuliwa na mtu yeyote mwenye fedha. Lakini kujua kwamba kitabu fulani kimo katika nyumba fulani ya watawa, kwamba kile cha jirani kimepungukiwa na sura za mwisho, na kwamba tajiri fulani aazima kwa mtu mmoja na kumnyima mwingine, hayo hayauzwi sokoni. Baada ya kupata nakala walipatana juu ya ukubwa, ngozi, mwandiko, mapambo na jalada. Fedha zilipitia benki. Kitabu kilipokwisha kilifungwa vizuri, kikabebwa na nyumbu kuvuka milima.

Pengine aliandikisha vitabu kabla ya kupata mnunuzi. Hapo mpambaji aliacha duara tupu ndani ya shada la maua chini ya ukurasa wa kwanza, ili mnunuzi akipatikana itiwe nembo ya ukoo wake. Tena alinunua na kuuza vitabu vikuukuu vya watu waliokufa. Katika vitabu vingine vilivyopita mikononi mwake, maandishi madogo yaonyesha ya kwamba Vespasiano mwuza vitabu wa Firenze ndiye aliyekiuza, au ndiye aliyekiandikisha. Hiyo ilikuwa dhamana yake. Mnunuzi wa Uingereza au Hungaria hakuweza kulinganisha mstari kwa mstari na nakala ya kwanza. Alilitegemea jina lile. Si kwamba kila kitabu kilikuwa safi. Kazi iliyofanywa kwa haraka ilikuwa na makosa, maana jicho la mnakili aliyechoka huruka mstari, na kitabu cha kupendeza machoni chaweza kuwa na upungufu ndani.

Wateja wake hawakufanana. William Grey, Mwingereza wa ukoo bora, alikuwa akisoma Cologne. Vespasiano asimulia kwamba Grey alipotaka kwenda Italia aliogopa wanyang'anyi, kwa kuwa utajiri wake ulijulikana. Basi akajifanya mgonjwa, kisha akatoka kwa siri akiwa amevaa kama msafiri maskini wa kwenda kuzuru mahali patakatifu. Alipofika Firenze alimwita Vespasiano akaagiza vitabu vingi. Baadaye akawa askofu wa Ely, na vitabu vyake aliviachia chuo cha Balliol, Oxford. Vingi vipo huko hata leo. Mwingereza mwingine, John Tiptoft, bwana wa Worcester, alipendezwa kuzunguka mji peke yake bila kiongozi, akitazama. Huyu alirudi kwao akawa hakimu mkali mno, na mwaka wa 1470 mwenyewe akakatwa kichwa. Vespasiano, aliyezipata habari hizi baadaye, asema Tiptoft alimwomba mwuaji ampige mapigo matatu, kwa heshima ya Utatu.

Mteja aliyependwa naye kuliko wote alikuja dukani akiwa hana kitu. Jina lake Tommaso Parentucelli, kasisi aliyemtumikia askofu wa Bologna. Hakuwa na mali, lakini alinunua vitabu hata kwa mkopo, akisema kwamba kama angepata fedha angezitumia kwa mambo mawili tu, vitabu na majengo. Mwaka wa 1447 akachaguliwa kuwa Papa Nikolao wa Tano. Vespasiano akaenda Roma kumwona. Papa aliwaondoa watu, akaketi naye faraghani, akafanya mzaha kwamba watu wa Firenze wasingalidhani kamwe kwamba kasisi aliyefaa kupiga kengele tu angefikia cheo kile. Naye akatimiza neno lake la zamani, akajenga na kununua, na mkusanyo wake ndio mwanzo wa maktaba ya Vatikano. Vespasiano asema vilikuwa vitabu elfu tano. Orodha iliyofanywa Papa huyu alipokufa mwaka wa 1455 haikufika nusu ya hesabu hiyo. Tukumbuke jambo hili, maana tutamwona tena rafiki yetu akiongeza kidogo.

Sasa tufike kwenye kazi iliyokuza jina lake. Mkuu wa Firenze kwa mali na nguvu alikuwa Cosimo de' Medici, mwenye benki. Mapema Cosimo alikuwa amelipa madeni ya Niccolò Niccoli aliyekufa mwaka wa 1437, na vitabu vyake akaviweka katika nyumba ya watawa ya San Marco, ambako maktaba ilifunguliwa mwaka wa 1444 kwa watu wote wapendao kusoma. Katika miaka yake ya mwisho alijenga nyumba nyingine ya watawa, huko Fiesole, juu ya kilima nje ya mji. Nyumba ilikuwa na chumba cha vitabu, lakini vitabu hapana. Akamwita Vespasiano akamwuliza namna ya kukijaza. Vespasiano akamjibu kwamba kuvinunua haiwezekani, kwa kuwa vitabu vinavyofaa havipatikani madukani. Njia ni kuviandikisha. Cosimo akauliza kama yu tayari kuichukua kazi hiyo. Akakubali. Basi tajiri yule akaamuru benki yake itoe fedha kadiri zitakavyotakiwa.

Vespasiano asema alikusanya wanakili arobaini na watano, na kwa muda wa miezi ishirini na miwili wakamaliza vitabu mia mbili. Walifuata orodha iliyowekwa zamani na Parentucelli, kabla hajawa Papa. Mwanzo wake ni Biblia na vitabu vya kutafutia maneno ya Biblia, pamoja na maelezo yake. Kisha mababa wa Kanisa, Origene, Basilio, Krisostomo, Sipriano, Jeronimo, Augustino. Kisha waalimu wa baadaye, wenye hekima wa Kiyunani, wanahistoria, washairi, na vitabu vya sarufi. Mwalimu wa kanisa aliyejaribu kupanga rafu moja ya vitabu atatambua hekima ya mpango huo. Tufikirie pia miezi ile: ngozi maelfu, wanakili waliotawanyika mji mzima, vitabu vya kuazima vilivyotakiwa kurudishwa kabla wenyewe hawajakasirika, na mtu mmoja anayeshika hesabu yote. Cosimo alikufa mwaka wa 1464. Vitabu vingi vya Fiesole vimehifadhiwa sasa Firenze, katika maktaba ya Laurenziana.

Baada ya Cosimo akaja Federico da Montefeltro, bwana wa Urbino. Federico alikuwa jemadari wa kukodishwa. Alipigana vita vya wengine kwa mshahara, na jicho lake la kuume lilitoka katika mchezo wa mikuki. Fedha za vita alizigeuza kuwa vitabu. Yasemekana wanakili thelathini au zaidi walimfanyia kazi miaka kumi na minne, Firenze na Urbino, na matumizi yalipita dukati elfu thelathini. Vespasiano alikuwa mjumbe wake mkuu katika mambo hayo, akalinganisha orodha ya Urbino na orodha za maktaba nyingine kubwa, akaona fahari kwamba nyingine zilikuwa na nakala nyingi za kitabu kimoja na kukosa kingine, lakini ya Urbino haikupungukiwa. Hatuwezi kunyamaza, hata hivyo, kwamba si vitabu vyote vya Urbino vilinunuliwa. Mwaka wa 1472 askari wa Federico waliuteka na kuupora mji wa Volterra, na katika nyara zilizochukuliwa vilikuwamo vitabu vya Kiebrania vya Myahudi mmoja wa mji ule, pamoja na Biblia kubwa. Mnyang'anyi apendaye vitabu ni mnyang'anyi vilevile.

Kati ya mwaka wa 1476 na 1478 Vespasiano alimtengenezea Federico Biblia ya Kilatini katika vitabu viwili vikubwa mno. Mnakili alikuwa Mfaransa, na wapambaji walikuwa wale waliosifiwa sana Firenze, akiwamo Francesco di Antonio del Chierico na kijana Attavante. Hakuna kazi iliyotoka katika duka lile iliyoishinda. Walioiona wasema kila kitabu cha Maandiko kinaanza kwa picha kubwa kama dirisha lililofunguliwa. Iko Vatikano sasa, kwa kuwa maktaba yote ya Urbino ilihamishiwa huko mwaka wa 1657.

Lakini Biblia ile ilipokuwa ikiandikwa, Biblia za chapa zilikuwa zikiuzwa tayari miaka ishirini. Wajerumani wawili, Sweynheym na Pannartz, walikuwa wameuleta ustadi wa chapa Italia mwaka wa 1465, katika nyumba ya watawa ya Subiaco, kisha wakahamia Roma. Mwaka wa 1468 askofu mmoja aliyewasaidia aliandika kwamba kitabu kilichogharimu mia moja sasa chapatikana kwa ishirini. Firenze yenyewe mfua dhahabu Bernardo Cennini na wanawe walianza kupiga chapa mwaka wa 1471. Na mwaka wa 1476 mtambo ukawekwa katika nyumba ya watawa wa kike ya San Jacopo di Ripoli. Masista wenyewe wakajifunza kuzipanga herufi za madini. Hao ndio waliopiga chapa, mwaka wa 1484, vitabu vyote vya Plato katika Kilatini, nakala zaidi ya elfu moja. Mnakili mmoja angehitaji maisha mengi kufanya kazi hiyo.

Tusidhani kwamba wapiga chapa walitajirika mara moja. Mwaka wa 1472 Sweynheym na Pannartz walimlalamikia Papa kwamba nyumba yao imejaa karatasi zilizopigwa chapa, lakini chakula hamna. Walitoa vitabu vingi kuliko wanunuzi. Hata hivyo bei ikiisha kushuka hairudi, na walioumia zaidi walikuwa wanakili. Antonio Sinibaldi, aliyekuwa mmoja wa wanakili hodari wa Firenze, alipowaandikia watoza kodi mwaka wa 1480 alieleza kwamba kazi yake imepungua kwa sababu ya chapa, na kwamba anachokipata hakitoshi vema hata mavazi. Mtu huyu aliandika vitabu vya wafalme.

Vespasiano angeweza kuuza vitabu vya chapa kama wenzake wengine. Hakutaka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na zaidi, na tangu utoto macho yake yalizoea ngozi nyeupe na dhahabu. Karatasi za chapa zilikuwa kwake kama chakula kisichotiwa chumvi. Nyakati nazo zilikuwa mbaya. Mwaka wa 1478 Giuliano de' Medici alichomwa visu na kuuawa ndani ya kanisa kuu la Firenze wakati wa ibada, kisasi kikafuata, kisha vita. Karibu na mwaka wa 1480 Vespasiano aliacha duka lake, akahamia shamba la ukoo wake huko Antella, mahali pa mizeituni na mizabibu karibu na mji.

Huko akashika kalamu kwa ajili yake mwenyewe. Waturuki walipouteka mji wa Otranto mwaka wa 1480 na kuwaua watu wengi, aliandika maombolezo. Kisha akaanza kazi ndefu ya kuandika maisha ya watu mashuhuri wa karne yake, wengi wao watu aliowajua uso kwa uso: mapapa, wafalme, maaskofu, mabwana, wataalamu. Hakuandika kwa Kilatini bali kwa lugha ya kwao, na mtindo wake ni wa mtu asimuliaye habari dukani. Apenda kueleza mtu alikula nini, alivaa nini, aliwapa maskini kiasi gani, alitunza vitabu vyake namna gani. Amhusudu Giannozzo Manetti, mfanya biashara aliyejifunza Kiebrania akatafsiri Zaburi upya. Yule Niccoli amwonyesha mezani, amevaa vazi jekundu refu, akila katika vyombo vya kale vizuri.

Katika maisha ya Federico ndipo aliposema lile neno lijulikanalo zaidi, ya kwamba katika maktaba ya Urbino vitabu vyote viliandikwa kwa kalamu, na kwamba bwana yule angeona aibu kuwa na kitabu kimoja cha chapa. Neno hili limerudiwa na wengi. Lakini wataalamu waliozichunguza mali za maktaba ile wameonyesha kwamba Federico alikuwa na vitabu vya chapa, na zaidi, kwamba baadhi ya vitabu vyake vya ngozi vilinakiliwa kutoka katika vitabu vya chapa. Ni vigumu kuamini kwamba Vespasiano hakujua. Sisi twaona kwamba mzee yule, akiwa ameketi shambani, aliandika jambo alilotaka liwe. Aliona wazi kwamba chapa imeshinda. Alitaka pabaki angalau mahali pamoja isipoingia. Aibu ilikuwa yake, akamvika bwana wake.

Alikosea kuidharau chapa; hilo hatuna haja ya kulibishania. Martin Luther alizaliwa mwaka wa 1483, Vespasiano akiwa shambani na kitabu chake, na Agano Jipya la Kijerumani la mwaka wa 1522 lisingaliwafikia mafundi na wakulima kwa mikono ya wanakili arobaini na watano. Lakini wapiga chapa walichukua wapi maneno ya kupiga? Walichukua katika vitabu vya kuandikwa, vile vilivyotafutwa, kulinganishwa na kuhifadhiwa na watu wa kazi ya Vespasiano.

Alikufa tarehe 27 Julai 1498, katika umri wa miaka sabini na sita au sabini na saba, miezi miwili baada ya Savonarola, mkuu wa watawa wa San Marco, kunyongwa na kuchomwa moto katika uwanja wa mji. Alizikwa Firenze, katika kanisa la Santa Croce. Kitabu chake cha maisha ya watu mashuhuri hakikuwa na bahati ya vitabu alivyowauzia wengine. Kilikaa katika nakala chache za kuandikwa, kikasahauliwa. Mwaka wa 1839 Angelo Mai, kardinali na mtafuta vitabu vya kale, alikitoa huko Roma, miaka 341 baada ya mwenyewe kufa. Na kilitoka kikiwa kimepigwa chapa.